Lami Inapoishia: Mbio za Njia Mchanganyiko na za Michezo Mingi kwa Wanachama wa Klabu

Mbio za njia mchanganyiko huanza uwanjani au kwenye lami, zikaingia barabara ya vumbi, zikakata shambani, msituni au ufukweni, na mara nyingi zikapanda kilima kabla ya kurudi zilikoanzia. Mbio za michezo mingi ni jambo jingine: mshiriki hukimbia, huendesha baiskeli na pengine huogelea, na saa haisimami hata anapobadilisha viatu. Zote mbili zinawavuta wanachama wa klabu za mbio waliokwisha kuzizoea kilomita 5, 10 na 21 za barabarani, na maswali yao ni yale yale: viatu gani, baiskeli gani, na je, anayemaliza kilomita 21 bila taabu ana haja ya mazoezi mengine?

Anayo. Kinachomwangusha mkimbiaji wa klabu katika mbio hizi mara nyingi si udhaifu wake bali ni kile anachokiweza zaidi. Mwendo alioujenga barabarani ndio anaoingia nao msituni, nao haufai huko. Kwenye michezo mingi, kukimbia ndiko anakojitapa nako, na zikianza kwa kukimbia, huko ndiko anakomaliza nguvu kabla hajaigusa baiskeli.

## Kabla ya kulipa ada

Jina la mbio halielezi njia. Kilomita 21 za Moshi, katika Kilimanjaro Marathon iliyoanza mwaka 2003, hupanda kuelekea Mweka na kuteremka, lakini miguu inakanyaga lami. Kilomita 21 za Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, zilizoanza mwaka 2000, ni za vumbi na changarawe ndani ya hifadhi ya wanyama, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, askari wa wanyamapori wakiwa wamesambazwa njiani. Umbali ni mmoja, kazi ni mbili. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa anaongezewa ya tatu, nayo ni hewa. Kuanzia mita 1,500 hivi mtu wa pwani huanza kupungukiwa pumzi, na dalili ya kwanza ni kushindwa kuzungumza kwenye mwendo ambao kwao huutumia kupiga soga. Anayeweza kukaa huko wiki mbili kabla ya mbio na akae. Asiyeweza apunguze mwendo tangu mstari wa kuanzia, kwa sababu usiku mmoja wa nyumba ya wageni hauibadilishi damu ya mtu.

Mambo ya kumwuliza mwandaaji kabla ya kulipa:

- Njia inapanda jumla ya mita ngapi?
- Lami ni kilomita ngapi, barabara ya vumbi ngapi, na kijia cha mguu ngapi?
- Vituo vya maji viko kilomita zipi, na kuna nini zaidi ya maji?
- Muda wa mwisho ni saa ngapi, na aliyepitwa nao anarudishwaje?
- Aliyeumia mahali gari lisipofika anatolewa na nani, kwa chombo gani?
- Ikiwa kuna baiskeli, barabara inafungwa au washiriki wanachangamana na daladala na bodaboda?

Mwandaaji anayejua rangi ya fulana lakini hajui njia inapanda mita ngapi hajaikagua njia. Asiyekuwa na jibu la swali la uokoaji asipewe pesa, hata medali yake iwe nzito namna gani.

Kwa michezo mingi, masafa yanayotambulika kimataifa ni haya. Triathloni fupi ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Ile ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Duathloni haina maji: mshiriki hukimbia, huendesha baiskeli, kisha hukimbia tena. Fupi yake ni kilomita 5, 20 na 2.5, na ya kawaida ni 10, 40 na 5. Mbio ndogo za mtaani hufuata barabara iliyopatikana, kwa hiyo masafa yake yasomwe upya kila mara. Kwa mwanachama wa klabu ambaye hajawahi kushindana majini, pa kuanzia ni duathloni fupi.

## Hesabu ya muda

Mkimbiaji akiulizwa atamaliza baada ya muda gani, hutaja muda wake wa barabarani na kuongeza dakika kumi za heshima. Hazitoshi. Ipo kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892 kwa ajili ya wapanda milima, nayo bado inafaa: kila mita 100 za kupanda zihesabiwe kama mita 800 hivi za nyongeza kwenye tambarare.

Tuseme mbio ni za kilomita 21 na zinapanda jumla ya mita 900. Nyongeza ni kilomita 7.2, kwa hiyo kazi yote ni ya kilomita 28.2. Anayetumia dakika 6 kwa kilomita barabarani, na humaliza 21 kwa saa 2 na dakika 6, hapa atatumia kama saa 2 na dakika 49. Hapo mizizi, mawe na foleni ya kijia chembamba havijahesabiwa. Aweke saa 3 na zaidi, kisha apange maji na chakula cha saa 3, si cha saa 2. Wengi hukwama hapa: wanaishiwa kwenye kilomita ya 17 na kulaumu mlima.

Saa ya mkononi inayosoma dakika kwa kilomita ni bora ibadilishwe ionyeshe muda uliopita na mapigo ya moyo. Asiye na saa ya namna hiyo atumie mdomo wake: mwenye uwezo wa kutamka sentensi nzima bado yuko salama, na anayejibu kwa neno moja moja anakopa.

## Kupanda na kushuka

Kupanda kunachosha, lakini kunakovunja miguu ni kushuka. Mkimbiaji anaposhuka, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa, na kazi hiyo huichana kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na keshokutwa, wakati mtu anaposhuka ngazi kinyumenyume. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi. Mazoezi mawili au matatu ya kushuka, la mwisho likiwa siku 10 hadi 14 kabla ya mbio, hupunguza sana uharibifu.

Namna ya kushuka:

- Hatua ziwe fupi na za haraka. Hatua ndefu hugeuka breki.
- Macho yatangulie mita 3 hadi 5, yasiwe kwenye kidole gumba.
- Mwili usiegemee nyuma, maana anayeegemea nyuma huteleza kwa kisigino na kuketi chini.
- Mikono ipanuliwe kama ya mtu anayetembea juu ya ukuta.
- Penye utelezi mguu utue wote, pasipo kuzungusha kifundo.

Kupanda kuna siri moja tu, na wengi huionea haya: kutembea. Mlima ukiwa mkali, anayetembea kwa nguvu, viganja juu ya magoti, mara nyingi huenda sambamba na anayejikokota kwa mtindo wa kukimbia, naye hufika juu akiwa na pumzi. Wapo watakaosema kwamba hawakulipa ada ili watembee. Wakimbiaji wakubwa wa milimani hutembea, na hakuna aliyewahi kurudishiwa ada yake kwa kukimbia mlima wote.

Pa kufanyia mazoezi hapakosekani. Wa Dar es Salaam wana vilima vya Pugu na Kisarawe, na wanaoishia Daraja la Tanzanite kila Jumamosi wajue kwamba tambarare ya pale haiwaandai kwa lolote lenye mawe. Wa Morogoro wana njia ya Morningside kwenye Uluguru. Wa Moshi na Arusha wakiinua macho wameuona mlima. Nairobi kuna msitu wa Karura kwa wanaoanza, na vilima vya Ngong, vinavyopita mita 2,400, kwa waliokomaa. Unguja na Mombasa hakuna milima, lakini kuna mchanga na kuna ngazi. Dakika 20 za kukimbia kwenye mchanga mkavu zinafundisha kifundo kazi ambayo lami haiijui, na ghorofa tano zikipandwa mara kumi ni mlima tosha.

Mpango wa wiki, kwa aliyebakiwa na wiki 10 hadi 12, unaweza kuwa hivi: siku moja ya mbio ndefu kwenye udongo, inayopimwa kwa saa badala ya kilomita, siku moja ya vilima, siku moja ya mwendo wa kawaida na klabu, na siku moja ya nguvu za miguu, yaani kuchuchumaa, kupanda kiti kwa mguu mmoja, na kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa. Zoezi la mwisho linaonekana la kitoto. Asiyeweza kulishika kwa sekunde 20 yuko karibu zaidi na kuteguka kifundo.

## Viatu

Viatu vya barabarani vinatosha kwa barabara ya vumbi kavu. Penye matope, mawe yaliyolegea au majani yenye umande, kiatu chenye meno hakikwepeki. Udongo mweusi, ule wa mbuga unaopasuka kiangazi, hunata kwenye soli mvua ikinyesha hadi kila mguu ukaongezeka uzito, na hapo hata meno hayasaidii sana. Dawa ni kukanyaga majani ya pembeni.

Viatu vya mtumba si dhambi, na vingi vya porini vinavyoonekana klabuni vimetoka huko. Vikaguliwe hivi:

- Soli ya kati ibonyezwe kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imezeeka hata kama kiatu kinang'aa.
- Kiatu kikunjwe. Gundi ikiachia ukingoni, kitafunguka kilomita ya nane.
- Vyote viwili viwekwe mezani na kutazamwa kwa nyuma. Kilicholalia upande mmoja kilimlemea mwenyewe wa kwanza, na kitamlemea wa pili.
- Kiwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu cha mguu. Kwenye mteremko vidole husukumwa mbele, na kucha nyeusi hutokana na kiatu kilichobana.

Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Onyo hili hutolewa kila mwaka, na kila mwaka kuna anayekaa kando ya njia akitazama malengelenge.

## Vinavyokutana na mkimbiaji

Kijia kina wenyeji wake. Misitu ya pwani ina upupu, ambao vinyweleo vya maganda yake vikigusa ngozi huwasha hadi mtu akatamani kujivua mwili. Kujikuna hueneza, na maji mengi na sabuni ndiyo ahueni. Siafu wakikata njia, warukwe bila kusimama katikati yao. Nyasi ndefu zina kupe, kwa hiyo jioni ya siku hiyo nyuma ya magoti na kwenye kinena pakaguliwe.

Mbwa ni hatari kuliko nyoka. Nyoka wengi wakihisi vishindo huondoka, mbwa wa mtaani akiona baiskeli hufukuza. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata jeraha likiwa dogo. Mbio zinaweza kusubiri. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba.

Ndani ya hifadhi, amri ya askari ikiwa ni kusimama, ni kusimama. Rekodi binafsi haijadiliwi na nyati.

Giza nalo si la kusahau. Karibu na ikweta jioni haikawii, na anayefanya mazoezi ya msituni saa 12 jioni bila taa ya kichwa atamalizia kwa kupapasa.

## Maji, chumvi na chakula

Kwenye mbio za barabarani maji yapo kila baada ya kilomita chache. Msituni yanaweza kuwa mbali, kwa hiyo mshiriki hubeba yake, kwa mkanda wa kiunoni au begi dogo la mgongoni. Kwa Kenya kuna sababu ya kisheria pia: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa, na chupa ya dukani inaweza kuzuiwa getini.

Kunywa kidogo ni kosa, na kunywa kupita kiasi ni kosa lisilozungumzwa. Maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Katika Marathon ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Walioongezeka uzito wakati wa mbio ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kanuni rahisi ni kunywa kwa kiu, mafunda machache machache, na kwenye mbio zinazozidi saa 2 kuongeza kitu chenye chumvi. Pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile inayotolewa zahanati, huchanganywa kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja kamili. Kuichanganya kwenye chupa ya nusu lita ili ikolee kunaharibu tumbo.

Chakula cha njiani hakihitaji kutoka ng'ambo. Mbio zikivuka saa moja na nusu, mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Tende ndogo nne au tano zinakaribia gramu 30, hazipondeki mfukoni, na kokwa zikitolewa nyumbani hazimsumbui mtu akiwa anahema. Kashata ya karanga ni tamu lakini mafuta yake hukaa tumboni. Inafaa kwenye baiskeli kuliko mlimani. Vyakula vyote vijaribiwe kwenye mazoezi. Madafu yaachwe mpaka mwisho wa mbio, kwa sababu kuna ambao tumbo lao likiyapokea katikati ya mwendo huwatafutia kichaka.

## Baiskeli ya kuanzia

Swali la baiskeli huulizwa kana kwamba lina jibu moja. Njia ya duathloni ikiwa lami tupu, baiskeli ya barabarani yenye tairi nyembamba inaokoa dakika nyingi. Ikiwa vumbi na mashimo, ile ya milimani ndiyo yenyewe. Baiskeli ya Phoenix ya kubebea maji nayo inafika, ila mwenye nayo atafika akiwa amekwisha kukimbia mbio mbili. Kwa anayeanza, kuazima kwa mwanachama mwenzake ni busara kuliko kununua. Mchezo wenyewe unaweza usimpendeze.

Kabla ya kila kitu, urefu wa kiti. Mwendeshaji akae, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Akihamishia sehemu ya mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo, na hicho ndicho kimo chake. Kiti cha chini mno, ambacho ndicho cha mtaani, huumiza magoti ndani ya wiki mbili.

Siku moja kabla, fundi au mwenyewe akague breki zote mbili, upepo wa tairi, mnyororo uliosafishwa na kupakwa mafuta, na nati za magurudumu. Kisha kuna mbigili. Mmea huu unaotambaa kando ya njia una tunda lenye miiba migumu, na haujali bei ya tairi. Mshiriki abebe tyubu moja ya akiba, pampu ndogo, na vipande vya kubandulia tairi, na awe amebadilisha tyubu nyumbani angalau mara tatu, ya mwisho bila msaada. Wanaosema watamwita fundi wasome kanuni: kwenye mbio nyingi msaada wa mtu wa nje humwondoa mshiriki.

Kofia ngumu haina mjadala. Hufungwa kidevuni kabla ya kugusa baiskeli na hufunguliwa baada ya kuirudisha mahali pake. Waamuzi wanaoachia makosa mengine hawaachii hili.

## Dakika zinazopotea bila jasho

Eneo la kubadilishia ndiko mkimbiaji wa klabu anakopitwa na watu aliowaacha kilomita nzima. Kumtazama mgeni pale kwatosha kuelewa. Anaingia mbio, haioni baiskeli yake katikati ya nyingine mia. Akiiona, anaketi chini. Anapangusa mchanga kidole kwa kidole, anavuta soksi ambayo haipandi mguu wenye maji, anavaa miwani, anavua miwani, anavaa kofia. Anaondoka na baiskeli, kisha anakumbuka namba iko kwenye taulo. Dakika nne zimekwenda. Ili azirudishe kwa miguu kwenye kilomita 5, angepaswa kukimbia kila kilomita kwa sekunde 48 pungufu ya mwendo wake wa kawaida.

Tiba yake ni mpangilio, nao hufanyiwa mazoezi uani:

1. Taulo dogo litandikwe kando ya gurudumu la mbele. Lenye rangi kali, hata kipande cha kanga, huonekana kwa mbali.
2. Viatu vya kukimbilia vikae nyuma ya taulo, midomo wazi, na soksi zikunjwe nusu ndani yake zikiwa na poda.
3. Kofia ngumu iwekwe juu ya usukani, kamba zikining'inia nje.
4. Namba ifungwe kwenye mkanda wa mpira kiunoni: igeuzwe mgongoni wakati wa baiskeli, irudishwe mbele wakati wa kukimbia.
5. Chupa ndogo ya maji iwe kando ya taulo, ya kuondolea mchanga miguuni.
6. Kabla ya mbio kuanza, mshiriki atembee kutoka lango la kuingilia hadi baiskeli yake, akihesabu safu. Asitumie gari au mwavuli kama alama, vyote huondoka.

Kutoka kwenye baiskeli, miguu huwa ya mbao. Hali hii haiondolewi na nguvu za mbio, huondolewa na mazoea: mara moja kwa wiki, kilomita 10 hadi 15 za baiskeli zifuatiwe papo hapo na dakika 10 za kukimbia. Kwenye mbio, kilomita ya mwisho ya baiskeli iendeshwe kwa gia nyepesi, miguu ikizunguka haraka, na kilomita ya kwanza ya kukimbia iwe ya hatua fupi.

Tena, mbio ya kwanza ya duathloni. Ikimbiwe taratibu kuliko mwanachama anavyoweza, sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita chini ya mwendo wake wa ushindani. Atapitwa, na watakaompita watakuwa wakimbiaji wenzake wa klabu. Avumilie. Atawakuta kwenye baiskeli, au kwenye ile mbio ya pili, wakitembea.

## Kuogelea

Kuelea si kuogelea, na kuogelea kwenye bwawa si kuogelea baharini. Asiyeweza kwenda mita 750 bila kugusa ukuta asijiandikishe triathloni. Ajiunge na timu ya kupokezana, muogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji, na klabu nyingi zina watu hao watatu bila kujua.

Bahari ya pwani yetu ina ratiba. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kupwa kwa kiasi kikubwa na mkondo huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu hutulia. Wavuvi wa pale watamwambia mgeni mkondo unaelekea wapi bila malipo. Maji yakipwa mawe hujitokeza, na kwenye mawe kuna viumbe vyenye miiba myeusi mirefu, kwa hiyo mtu asiingie miguu mitupu. Yavuyavu nao huwasha. Kila mikono sita au minane, macho yainuliwe kulitafuta boya, la sivyo mtu huogelea mita 900 akidhani ni 750. Mwanzoni, asiyejiamini akae pembeni na nyuma ya kundi. Akikamatwa na hofu ageuke alale chali, ainue mkono, asubiri mtumbwi.

Ziwani kuna suala la kichocho. Mwambao wa Ziwa Victoria una konokono wanaobeba vimelea hivi, hasa penye matete na maji yaliyotulia, na vimelea hupenya ngozi bila kuuma. Kujifuta kwa taulo mara baada ya kutoka hupunguza hatari bila kuiondoa. Aliyeogelea huko apimwe wiki sita hadi nane baadaye. Tiba ipo na ni rahisi.

Na stara: njia inayotoka ufukweni ikipita kijijini, hasa Unguja na miji ya mwambao, nguo ya kuogelea haitoshi. Kaptura na fulana juu yake hugharimu sekunde kumi, na huwafanya wenyeji wakubali mbio zirudi mwakani.

## Kazi ya klabu siku hiyo

Joto huua kuliko mlima. Katika triathloni kukimbia huja mwisho, wakati jua la saa 3 asubuhi limeshakolea. Mshiriki akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuacha kujibu, hata kama bado anatoka jasho, apozwe kwanza ndipo asafirishwe: kivulini, nguo zipunguzwe, amwagiwe maji baridi, apepewe mfululizo huku gari likitafutwa. Kumkimbiza hospitali ndani ya gari lenye joto bila kumpoza ni kumpotezea dakika zinazookoa maisha.

Wajibu unaopaswa kugawanywa kabla ya kuondoka nyumbani:

- Mmoja ashike orodha ya majina, na nyuma ya kila namba ya kifuani iandikwe simu ya ndugu na dawa ambazo hazipatani na mhusika.
- Mmoja awe mfagiaji, yaani akimbie na wa mwisho wa klabu hata kama ana uwezo wa kuwa wa kwanza.
- Mmoja asikimbie kabisa. Abaki na funguo, barafu, bandeji na simu yenye chaji.
- Wageni waende wawiliwawili, na anayejitoa amwarifu mwamuzi kabla ya kuondoka njiani.

Kipengele cha mwisho hupuuzwa kuliko vyote. Mshiriki anayechoka, akadandia bodaboda na kwenda kulala hotelini bila kusema, huwafanya watu wapekue msitu usiku akiwa amejifunika shuka. Basi la klabu lisiwashwe mpaka kila jina kwenye orodha limewekewa alama na mtu aliyemwona mwenye jina hilo kwa macho.